Paa la Uwanja wa Barafu na Saini ya Verner

"Shemeji, theluji haisubiri barua pepe." Dale alisema hivyo huku akigonga sepeto lake kwenye sakafu yangu, sakafu niliyoipiga deki alfajiri ile ile. "Saa nne vijana wanapanda. Wewe endelea kulikodolea macho hilo dude lako la kompyuta kama kuku aliyetotoa bata."

"Hampandi," Verner akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Tuligeuka wote, hata paka. Verner ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Marlys, na kwa miaka thelathini na moja niliyompikia kahawa sijapata kumsikia akimkatalia mtu kitu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi kwa kuuweka pale. Na aliyekataliwa ni Dale, mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa mzito hata mizani ya hospitali ikaomba likizo. Mpaka leo akikaa upande mmoja wa sofa, aliyeko upande wa pili anaiona dari kwa karibu.

Ugomvi ulikuwa wa paa la uwanja wa barafu, pale watoto wa Alder Portage wanapochezea hoki. Kampuni ya bima ilikuwa imetuandikia kwamba Jumatatu saa sita mchana milango ifungwe, isipokuwa iwe imepata barua ya injinia, yenye saini na muhuri, ya kusema kwamba paa linahimili theluji. Mji mzima una injinia mmoja, naye ndiye yule aliyekaa jikoni kwangu na soksi zisizofanana. Barua ilikwisha kuchapwa. Ilikuwa mezani, kando ya mkate wa iliki. Kilichobaki ni saini, na tangu juzi Verner alikuwa haishiki kalamu. Sasa, Jumamosi asubuhi, theluji ya siku tatu imelala paani, anakataza hata watu wasiende kuiondoa.

"Uwanja ukifungwa," Dale akasema, "hautafunguliwa tena. Unajua hivyo. Duka la mjini walisema watafunga wiki mbili tu. Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa sita," Marlys akajibu. Yeye alikuwa anafunga pasti za wale wapanda paa, pasti zetu zile za unga mgumu zilizojazwa nyama na viazi, ambazo ukimrushia mtu unashtakiwa.

"Basi tia saini, tupande, tushuke, tule. Hivi ugumu uko wapi?"

"Nasubiri jibu," Verner akasema.

Kumwelewa Verner inabidi kwanza ujue habari za ghala. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake, mzee Lahtinen, alishikwa na homa wiki nzima, akashindwa kupanda kuondoa theluji. Ya mwaka ule ilikuwa theluji kweli. Mimi nilikuwepo, msinibishie. Tulikuwa tunapiga hodi kwenye bomba la moshi, na mwenye nyumba anakuambia ufute viatu kabla hujadumbukia. Ghala la Lahtinen likaanguka, ng'ombe kumi na mmoja wakiwa ndani. Tangu siku ile mtoto yule akawa haachi theluji ikae juu ya kitu chochote. Aliiondoa kwenye mabanda ya majirani, akaiondoa kwenye masanduku ya posta, akaiondoa kwenye kibanda cha mbwa, na kwa kuwa mbwa mwenyewe alikuwa amesimama nje muda mrefu, akaiondoa na kwa mbwa.

Akaenda chuo cha uhandisi akarudi, jambo ambalo kwetu ni geni. Wanaokwenda huwa hawarudi. Akamchumbia Marlys kwa miaka minne bila kutamka neno. Alikuwa anakuja Jumamosi, anaoga sauna, kile chumba chetu cha mvuke wa moto, na mume wangu, wanatoka wekundu kama kamba waliochemshwa, wanakunywa kahawa, anaondoka. Mwaka wa tano akasema, "Sawa," tukajua kwamba alikuwa amejiuliza mwenyewe na amejikubalia.

Kazi yake ni katika kiwanda cha majembe ya magari ya theluji. Kabla chuma hakijakatwa, Verner hulichora jembe ndani ya kompyuta, akaligonga kwenye jiwe lililochorwa vilevile, aone litapasukia wapi. Huligonga mara elfu tano kabla ya chakula cha mchana. Jembe linatoka kiwandani likiwa limekwisha kuzeeka, na ndiyo maana mengine huja na kutu kabisa.

Paa lakini ni kubwa kuliko jembe. Kompyuta ya kiwandani ingehitaji wiki tatu kulitafuna lote. Kwa hiyo Verner akafanya wafanyavyo mainjinia siku hizi: akakodi. Kuna majumba huko mbali, Ohio na Oregon, yamejaa kompyuta kutoka sakafuni hadi darini. Wenyewe huliita wingu. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuzikodi kwa saa, hata tisini na sita kwa mpigo, akiwa amekaa jikoni kwa mama mkwe wake. Unatuma paa lako huko. Linakatwa vipande milioni nne, vidogo kuliko vitunguu vya kachumbari, na kila kipande kinaulizwa: mzigo unauonaje? Kikijibu, kinamsukuma jirani, jirani naye analalamika kwa mwenzake, mpaka malalamiko yote milioni nne yasikilizwe na yapatanishwe. Ni kama mkutano wa kanisa, ila huu unafika mwisho.

Mara ya kwanza, Alhamisi jioni, paa lilirudi limepakwa kijani tupu. Kijani maana yake salama, njano maana yake wasiwasi, nyekundu maana yake kimbia. Verner alikuwa amelitwisha theluji nyingi kuliko ambayo Mungu ameshawahi kutuletea, imetandazwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na paa halikulalamika hata kidogo. Mwezi wa Novemba alikuwa amepanda mwenyewe na taa kukagua kenchi moja moja, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na zote zilikuwa nzima. Akanionyesha picha. Kalamu iko mkononi.

Mimi sikuwa na nia yoyote nzuri. Nilitaka tu kucheka. "Na Dale yuko wapi hapo?" nikamuuliza.

"Dale gani, Mama?"

"Mwanangu. Si ndiye anayepanda? Hebu mchore na lile tumbo, tuone kama hilo paa lako litabaki kijani."

Verner ni mtu wa kuridhisha wazee. Akacheka, akatafuta pa kumweka Dale, akampa kilo zake. Halafu akaacha kucheka, maana pale alipotaka kumsimamisha palikuwa na theluji ya kufika kifuani, na Dale hasimami ndani ya theluji. Dale husimama pale alipokwisha kuiondoa.

"Mama," akasema polepole, "wakipanda, huanzia wapi?"

"Kusini. Kuna jua."

"Na kaskazini?"

"Kaskazini baada ya kahawa."

Akaweka kalamu chini. Unaona, injinia wa mji mwingine angeuliza swali hilo siku ya kwanza. Lakini Verner ni mtoto wa ghala lililoanguka. Maisha yake yote theluji iliyoondolewa imekuwa jambo jema, kama kunawa mikono. Kwamba kuiondoa kunaweza kudhuru halikumpitikia kabisa, sawa na wewe ambavyo hungemuuliza daktari kama kupona ni hatari. Paa lenye theluji pande zote mbili limesimama kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Toa ndoo moja.

Basi hesabu ikabidi irudiwe, nusu ya paa ikiwa tupu. Na hapo ndipo ubahili wake ulipomponza. Verner huyu hukausha unga wa kahawa dirishani autumie mara ya pili. Kati ya kompyuta za kukodi alichagua zile za bei ya makombo: unapewa mashine ambazo kwa saa hiyo hazina anayezitaka, na akitokea mwenye pesa nzuri, unanyang'anywa na taarifa ya dakika mbili. Alhamisi usiku alinyang'anywa kazi ikiwa asilimia sabini. Ijumaa mchana alinyang'anywa ikiwa tisini na sita, na hakuwa ameiambia iweke kumbukumbu ya ilipofikia, kwa hiyo yote ikaanza upya kutoka sifuri. Jioni Marlys akamnyang'anya yeye kadi na kulipia zile ambazo hazinyang'anywi. Verner alimtazama akiandika namba kama mtu anayeng'olewa jino.

Ndiyo hali ilivyokuwa asubuhi ile Dale alipoingia na sepeto.

"Imefika ngapi?" Marlys akauliza.

"Tisini na nane."

"Mimi nikiwa tisini na nane ya kuoga nimekwisha toka," Dale akasema. "Sikiliza, shemeji. Baba alipanda paa lile, mimi nimepanda miaka thelathini. Limewahi kuanguka?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo! Barua yako hiyo hapo. Andika: Dale kasema."

"Enzi za baba yako mlikuwa wangapi?" Verner akauliza.

Jibu nikalitoa mimi. Enzi zile walikuwa ishirini na wanne. Sisi wa kanisa la juu kumi na mbili, tulishika kusini. Wa kanisa la chini kumi na mbili, walishika kaskazini. Makanisa yote mawili ni ya Wafini, wana wa wahamiaji kutoka Ufini, yote ya Kilutheri, yametengana mita mia tatu na ugomvi wa mwaka ambao hakuna aliye hai anayeukumbuka. Wengine husema ulikuwa wa tai za shingoni, wengine husema wa kucheza karata. Kila theluji ikianguka walipanda pamoja kwa mbio, kila kanisa na upande wake, na aliyemaliza wa pili hakula kwa amani hadi theluji ifuatayo. Walifukua kwa hasira hivi kwamba theluji haikuanguka chini. Ilivuka ziwa Superior ikatua Kanada, na Wakanada wakaandika kulalamika. Hakuna upande uliowahi kuutangulia mwingine kwa zaidi ya sepeto sita. Chuki ile ililisawazisha paa kuliko mizani yoyote.

Miaka minane iliyopita makanisa yaliungana, kwa kukosa watu. Tukasameheana wote. Na tangu tusameheane, wanaojitokeza kupanda ni watano, mdogo wao ana miaka sitini na mbili. Maana kama hakuna wa kumshinda, nani avunje mgongo? Hao watano wanamaliza kusini kwa upendo, wanashuka kunywa kahawa kwa upendo, saa nzima na zaidi, halafu ndipo wanakwenda kaskazini.

"Kwa hiyo unataka kusema," Dale akaanza, "kwamba amani ya Kristo—"

Kompyuta ikalia, ting.

Verner akaigeuza ile picha tuione sote. Kusini njano. Kaskazini, kenchi zote kuanzia ya tano hadi ya tisa, nyekundu kama mtu aliyetoka sauna.

"Hizi haziwezi," Verner akasema. "Kwa theluji ya leo, saa ile mnayokunywa kahawa, hizi haziwezi."

Nilimngoja Dale acheke. Hakucheka. Akainama, akaweka kidole kinene juu ya kenchi ya saba.

"Chini ya hapa kuna nini?"

"Chumba cha kubadilishia nguo."

"Ndipo tunaponywea kahawa." Akakaa, na Marlys akanyanyuka kidogo upande wake wa benchi. "Huwa linalia."

"Linalia vipi?" Verner akauliza.

"Linaguna. Aaaah. Kama mzee anayekaa. Kila mwaka tukiwa kwenye kahawa linaguna. Mimi nawaambia vijana, sikieni, linatushukuru kwa kulipunguzia mzigo."

Marlys akaacha kufunga pasti.

"Dale," nikamwambia, "wewe ni mwanangu na ninakupenda, lakini kichwa hicho ulikipata kwa baba yako."

"Sasa tufanyeje?" akauliza. Sauti ilikuwa imemshuka. "Tukiiacha?"

"Mkiiacha ilale, leo linahimili. Lakini wanatangaza nyingine kubwa zaidi Jumanne, na bima haitaki paa linaloombewa. Naweza kuandika kwamba paa ni salama kwa sharti moja: pande mbili ziondolewe kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, na idadi sawa ya watu. Nikiandika hivyo lazima iwe kweli. Siwezi kutia saini jambo ambalo halifanyiki."

"Watano hatugawanyiki."

"Ndiyo maana sijatia saini."

Dale akatoa simu. "Ngoja nimpigie Merle." Merle Tiensuu ndiye aliyekuwa kinara wa kanisa la chini, mtu mrefu mwenye masikio ya kutosha watu wawili. Hajagusa sepeto tangu tuungane. Dale akaweka sauti wazi tusikie.

"Merle! We Merle, bado uko kitandani? Nyie watu wa chini mlikuwa mnafukua kama mnatafuta hereni, leo njooni tuwaonyeshe."

"Dale," sauti ya Merle ikatoka, nzito na tamu kama asali iliyoganda, "mambo hayo yalipita. Sisi sote ni ndugu. Mimi goti linanisumbua. Nitawaombea."

Dale akatutazama. Ameshindwa! Mtu aliyesamehe humpati kwa uchokozi.

Hapo Verner akanyoosha mkono, akaichukua simu. Alikuwa amepauka.

"Merle, ni Verner."

"Injinia! Habari yako, bwana."

"Nzuri. Merle, nimefanya hesabu ya paa. Kwa kompyuta. Tisini na sita, usiku kucha." "Nimeweka na watu. Kanisa la juu kusini, kanisa la chini kaskazini."

"Ehe?"

"Zimesema mnachelewa dakika arobaini."

"Nani anachelewa?"

"Nyie. Nimerudia mara tatu. Zimesema tatizo ni... mikono. Kwamba watu wa kanisa la chini wanashika sepeto kama kijiko."

Mungu wangu! Kompyuta hazijasema lolote la namna hiyo. Mtu huyu ambaye kwa siku mbili amegoma kuweka jina lake chini ya sentensi moja yenye shaka, amenidanganyia Merle Tiensuu kwa namba, mchana kweupe, bila kupepesa. Mimi nimesema uongo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kuutia dakika. Nilimtazama kama mwalimu anayemwona mwanafunzi wake akimpita.

Kule upande wa pili kitu kilianguka, nadhani kiti.

"Nipe nusu saa," Merle akasema, na asali yote ilikuwa imekwisha. "Nakuja na wanangu wawili, na wakwe, na wale jamaa wa ukoo wa Hietala wote. Kumi na moja. Mwambie huyo nguruwe mwenye kofia, shemeji yako, aandae machozi." Akakata.

"Amesema nguruwe?" Dale akauliza, macho yanang'aa kama mtoto siku ya Krismasi.

"Mwenye kofia," Marlys akasema.

"Wao kumi na moja, sisi watano," Verner akasema. "Hazilingani. Kaskazini kutatangulia, halafu nyekundu itahamia kusini. Nahitaji wengine sita."

Ikawa shughuli. Marlys akashika simu ya ukutani, Dale yake, na kila waliyempigia wakamweleza alichosema Merle, na kwa kuwa alichosema hakikutosha, nikawasaidia cha kuongeza. Niliwaambia Merle amesema mama zetu hawakujua kukanda unga. Wakapatikana saba. Verner akakataa wa saba, akasema sita ni sita. Kisha akaivuta ile barua, akafuta mstari mmoja, akaandika kwa mkono wake kwamba paa ni salama mradi theluji iondolewe pande zote mbili kwa wakati mmoja na vikosi viwili vilivyo sawa kwa idadi. Akafikiri. Akaongeza: *na kwa bidii*. Akatia saini, akapiga muhuri kwa nguvu hata pasti zikaruka.

Simu ya Dale ikalia. Ni Merle tena, yuko garini, ana jambo alilokuwa amesahau kusema.

"Ati nani?" Dale akapiga kelele, amesimama juu ya kiti na sepeto begani. "Merle, nyie wa chini mlijitenga kwa sababu hamkuweza kuimba! Babu yako aliiba kengele, kila mtu anajua! Muungano gani? Mimi sikuungana na mtu, mimi nilikuja kwa ajili ya kahawa! Leo nitawafukua na nyinyi—"

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia mchungaji wetu, Mama Solveig Brandvold, yule aliyetumia miaka sita ya ujana wake kutembea nyumba hadi nyumba kuyaunganisha makanisa mawili. Alikuwa amebeba birika kubwa la kahawa kwa ajili ya wafukuaji, na anatabasamu.

"Amani iwe nanyi, wapendwa," akasema. "Dale, mwanangu, unaongea na nani?"

Dale akaifunika simu kwa kiganja.